Kubipu Si Ubahili

Kila mjadala wa teknolojia unapoanza darasani, sentensi hii haikosi: Mwafrika ni mtumiaji tu, havumbui. Husemwa kwa masikitiko, na msemaji huwa ameshika simu ambayo pengine dakika tano zilizopita ametoka kumbipu nayo mtu. Ninaipinga sentensi hiyo, na hoja yangu ni bipu yenyewe.

Tuanze na kifaa kinachosifiwa vitabuni. Al Gross, mhandisi aliyezaliwa Toronto na kukulia Marekani, anatajwa kuwa mbunifu wa peja ya simu, mwaka 1949. Mwaka 1964 kampuni ya Motorola ikatoa peja iliyoitwa Pageboy I. Kifaa hicho hakikuwa na kioo cha maandishi wala hakikuhifadhi ujumbe. Kililia tu. Aliyekibeba alijua jambo moja, kwamba anatafutwa, kisha akaenda kutafuta simu.

Sasa mchukue mtu aliye kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Ana simu ya vitufe na salio la kusemea sekunde chache. Anampigia mnunuzi wake aliye mjini Busia, simu inaita mara moja, anakata. Mnunuzi anaona namba, anampigia. Kazi ya peja imefanyika bila peja, bila ada ya mwezi, na mnunuzi amejua hata ni nani anayemtafuta. Pageboy haikuweza hilo.

Wapo watakaosema nafananisha vitu kwa juu juu. Basi tuingie ndani. Katika mitandao ya GSM, simu ikiwa imetulia mfukoni, mtandao haujui iko chini ya mnara upi hasa. Unajua eneo tu. Mtu akikupigia, minara ya eneo lote hutangaza wito kwenye chaneli maalumu mpaka simu yako iitike. Wahandisi huita kazi hiyo kwa jina lile lile la kazi ya peja. Ndani ya kila simu ya mkononi, kwa hiyo, imo peja. Malipo huanza simu inapopokelewa. Anayebipu anatumia wito huo, kisha anasimama hatua moja kabla ya pesa kuanza kukatwa. Aliyeuona mwanya huo hakuhitaji shahada.

Mpakani mwanya huo ulikuwa na thamani zaidi. Laini ya Uganda ikinasa mnara wa Kenya, zamani hata kupokea simu kulikuwa na gharama. Celtel ilipoanzisha One Network mwezi Septemba 2006 na kuwaondolea wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania malipo ya kupokea, ilisifiwa sana. Sawa, ilistahili. Lakini wafanyabiashara wa Busia na Malaba walikuwa wameshajipangia utaratibu wao: laini mbili, moja ya kila upande, na bipu ya kumjulisha mwenzio aweke laini gani. Huo haukupewa jina wala tuzo.

Wanaouita ubahili, au kuunyonya mtandao, waeleze basi kwa nini kampuni zenyewe ziliugeuza kuwa huduma. Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika Vodacom ya Afrika Kusini mwaka 2000 alipopendekeza njia ya mtu asiye na salio kuomba apigiwe. Mwaka uliofuata kampuni ikaizindua kwa jina la "Please Call Me". Ilimbidi Makate aende mahakamani, na tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikaiamuru Vodacom ijadiliane naye kwa nia njema kuhusu malipo. Kitu cha kibahili hakigombaniwi hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Sheria zetu nazo zinasaidia usahaulifu huu. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema kanuni na mbinu za kuendeshea biashara si uvumbuzi. Sitaki bipu ipewe hataza. Ingekuwa kichekesho kumtoza mchimbaji ada kwa kukata simu. Ninasema tu kwamba tukiazima maana ya uvumbuzi kutoka kwenye fomu ya hataza, tutaendelea kujiona hatuna kitu.

Ila lawama kubwa ninaielekeza kwetu sisi wa Kiswahili. Bipu ni lugha. Ina kanuni za heshima: mwenye nacho habipu asiye nacho, na kijana anayechumbia akimbipu binti amejiharibia mwenyewe. Ina msamiati: bipu moja nipigie, bipu mbili nimefika, kwa kadiri wawili walivyopatana. Aliyezichambua kanuni hizi katika jarida la kitaaluma mwaka 2007 ni Jonathan Donner, Mmarekani, kwa Kiingereza, akianzia utafiti wake Rwanda. Ninamshukuru. Wakati huo sisi tulikuwa tunaandika tasnifu nyingine kuhusu methali zile zile.

Na muda unatuponyoka. Vifurushi vya bei nafuu na WhatsApp vinaiua bipu. Wadogo zetu walio sekondari hawana haja nayo. Wanaojua kanuni zake vizuri ni akina mama wauza samaki, madereva wa malori ya Malaba, wachimbaji wa Tiira, na wote bado wapo, wanafikika kwa bodaboda. Mada za tasnifu za mwaka wa tatu hazijapangwa. Naomba walimu wetu waiweke hii kwenye orodha, na atakayeichukua aanze na swali jepesi: bipu tatu usiku kutoka ng'ambo ya mpaka zilimaanisha nini?