Usianze na Kukimbia

Wewe uliyekaa mwaka mzima bila mazoezi, kisha Jumatatu ukavaa raba ukakimbia kama ulivyokimbia ukiwa shule ya upili, kufikia Ijumaa magoti yamekataa na umeacha. Hilo si pepo. Pumzi hurudi mapema kuliko kano na viungo, kwa hivyo unajisikia uko sawa kumbe mguu bado.

Kwa maoni yangu, wiki mbili za kwanza tembea tu. Shuka matatu steji moja kabla ya yako. Dakika 10 leo, kesho 10 tena, hata kama unasikia unaweza 40. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki, lakini lenyewe linasema anayeanza aanze kidogo kidogo. Hata Eliya, kabla ya zile siku 40 za kwenda Horebu, alikula akalala, akaamshwa akala tena. Malaika hakumkemea.

Kama una presha, sukari au maumivu ya kifua, muone daktari kwanza. Kumuona daktari si kukosa imani.

Na nyinyi vijana wa kwaya mnaowacheka akina mama wakipita na raba zao jioni, waacheni wapite.