Daraja Limefunguliwa, Mama Lishe Asisahauliwe

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alilazimika kusimama Kigongo kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Mwalimu aliyewahi kazini, mgonjwa aliyepelekwa hospitali na mkulima mwenye magunia yake, wote walipanga foleni moja. Tarehe 19 Juni 2025 adha hiyo ilikoma, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa 3. Hapana shaka kwamba huo ni ushindi wa wananchi.

Lakini foleni ile ile ndiyo iliyomlisha mama lishe. Abiria waliposhuka kungoja zamu, walinunua ugali kwa sato, mahindi ya kuchoma na chai. Sasa basi lapita juu ya maji bila kusimama. Kosa si la daraja, wala si la mama huyo.

Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba maendeleo ni ya watu, si ya vitu. Kwa hiyo, watumishi wa Misungwi na Sengerema wana wajibu wa kuhakikisha kwamba pande zote mbili za daraja pana vituo vya mabasi kupumzika, vyenye maji safi, vyoo na mabanda ya chakula, na kwamba waliouza kivukoni wanapewa nafasi ya kwanza. Daraja lililojengwa kwa jasho la wananchi lisimwache mwananchi ufukweni.