Dabstepu Si Kelele, Ni Mjukuu wa Rege

Kila nikiwasha dabstepu chumbani, rumeti wangu huuliza: “Mashine ya kusaga imefunguliwa lini humu?” Nacheka, ila inaniuma, maana huyu jamaa ni mtu wa rege kindakindaki. Jumapili nzima ni rege mpaka nguo zikauke kwenye kamba. Anamtukana mjukuu huku amemkumbatia babu.

Wengi hapa chuoni wako kama yeye. Eti dabstepu ni kelele za kompyuta za Wazungu, zilivuma kidogo zikafa. Napinga. Muziki huu bado unaishi, na unaishi kwa sababu ya kile ulichorithi Jamaika.

Turudi Kingston, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Osbourne Ruddock, maarufu kama King Tubby, alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Alichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza ngoma na besi. Kisha anarudisha neno moja, au kipande cha gitaa, anakitupa kwenye mwangwi mpaka kipotelee mbali. Ndiyo dabu hiyo. Jamaa alitunga kwa kupunguza.

Wajamaika waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili walikwenda na utamaduni wao wa marundo ya spika yanayotikisa kifua. Vijana wa London, weusi kwa weupe, wakakulia humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Croydon, kusini mwa jiji, vijana waliokuwa wakikutana kwenye duka la santuri la Big Apple walichukua muziki wa klabu uitwao gereji, wakatoa uimbaji wake mtamu, wakabakiza ngoma na besi. Si kazi ileile ya Tubby? Mwaka 2005 Mala, Coki na Loefah wakaanzisha usiku wa DMZ pale Brixton, mtaa wa Wajamaika tangu zamani.

Hata mwendo ni wa kurithi. Dabstepu huenda mapigo kama 140 kwa dakika, lakini snea inagonga mara moja pale ulipotegemea mbili, hivyo mwili unahisi 70. Ndiyo maana watu wanatikisa vichwa polepole, kama kwenye rege.

Sasa zile sauti za rege ndani ya dabstepu, neno moja la Kijamaika au pumzi ya tarumbeta, wapo wanaosema ni viungo tu vya kuongeza ladha. Kwangu ni shajara ya ukoo. Ila pia ni deni. Wapiga ala wengi wa Kingston walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, halafu midundo yao ikazunguka dunia bila majina yao. Kupenda mizizi bila kuitaja ni wizi wenye adabu.

Mtasema, mbona ile ya Skrillex ni makelele? Kweli, mwaka 2010 alipotoa “Scary Monsters and Nice Sprites”, besi ilipandishwa juu ikawa inapiga mayowe. Ilileta tuzo ya Grammy na mashabiki wengi, na wimbi lile likapita. Lakini “Untrue” ya Burial, ya 2007, watu bado wanaisikiliza usiku wa manane, kwa sababu ina nafasi. Nafasi haichuji.

Tatizo jingine ni simu zetu. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini, kwa hiyo unachosikia ni mifupa, nyama imebaki jikoni. Azima sabufa, zima taa, ndipo uhukumu.

Na ninyi maprodyuza wa hosteli, mnaopika biti mpaka alfajiri: kabla hujaongeza ala ya kumi, jaribu kuondoa tatu. Ukichukua sauti ya mzee fulani wa dansi au taarabu, omba ruhusa, andika jina lake. Kesho na wewe utakuwa mzee wa mtu.

Rumeti wangu bado anabisha. Ila juzi nilipiga dabstepu kwenye sabufa, naye akasahau kuuliza habari za mashine.