SIKI, TAA NA SIMU (Sehemu ya 4)

Tuendelee wapendwa. Baada ya sehemu ya 3 wengi mmeniuliza: "Nesi, kwa nini mnataka kutupiga picha huko?" Leo najibu, na msimamo wangu nautoa wazi.

Kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi tunachokitumia Babati, kama vituo vingi nchini, ni rahisi. Tunapaka siki iliyopunguzwa makali, tunasubiri dakika moja, tunaangalia kwa taa. Penye mabadiliko panageuka peupe. Shida ipo hapo kwenye "tunaangalia". Hata maambukizi ya kawaida yanaweza kuleta weupe. Nesi mmoja atasema ipo, mwenzake atasema haipo. Na mama akishavaa akaondoka, basi, hakuna wa kuangalia tena.

Picha inabaki. Kilimanjaro walishajaribu miaka ya 2010: mhudumu anapiga picha kwa simu baada ya siki, anamtumia mtaalamu, naye anampa ushauri kutoka mbali. Nesi anapata jicho la pili, na anajifunza kila siku.

Kwa hiyo nasema: kila kliniki inayopima ipewe simu ya kazi, taa nzuri na bando. SIYO simu ya nesi! Picha isiwe na jina wala sura, namba tu, na isitumwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama akikataa picha, apimwe vilevile bila kununiwa.

Najua mtaniambia tangu 2021 WHO inapendekeza kipimo cha virusi vya HPV. Kweli kabisa, na kije. Lakini ukikutwa na virusi, kabla ya tiba lazima mtu aangalie shingo ya kizazi. Jicho na taa havikwepeki.

Ila picha bila tiba ni kumpa mtu hofu bure. Mama ametoka Magugu au Galapo, amekutwa na weupe unaotibika hapo hapo, apate tiba mgando siku hiyohiyo. Ukimwambia arudi wiki ijayo, nauli ataitoa wapi? Na shamba atamwachia nani?

Dada zangu wa miaka 30 hadi 50, njooni. Unayeishi na VVU, usisubiri ufike 30. Na msingoje maumivu, mabadiliko ya mwanzo hayaumi.

Sehemu ya 5: waume zetu nao wanahusikaje? Maswali wekeni hapo chini.