Lipieni macho ya fundi kabla ya spea

Simu ilinikuta chini ya Fuso, gereji kwangu Ipogolo, saa mbili asubuhi. Kijana wa kituo cha mafuta cha Ruaha Mbuyuni alikuwa na habari ya wageni wawili, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, ambao gari lao lilikuwa limelala siku ya tatu. "Stata inapiga vizuri sana, fundi, ila haliwaki." Nikamwomba akasimame nyuma ya gari wakati mgeni anapiga stata, aangalie ekzosi. Alirudi kwenye simu akihema. "Hakuna moshi hata kidogo." Nikapanda basi na mkoba wangu, na nilipokuwa nateremka Kitonga nilikuwa tayari najua ni nini sitakigusa.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel alipoifanya injini yake ifanye kazi kule Augsburg mwaka 1897, moto wake ulitokana na hewa kubanwa hadi ikapata joto kali, kisha mafuta yakapulizwa ndani ya hewa hiyo. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Stata ikizungusha injini kwa kasi ya kutosha, kinachobaki ni hewa, joto na mafuta. Ukipiga stata na moshi mweupe ukatoka nyuma, mafuta yanaingia lakini hayashiki moto: hapo utashuku hita, mbano wa pistoni, au mpigo wa pampu uliohama. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki. Upimaji huu hauna gharama, unahitaji jicho moja na dakika moja.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda 6, iliyobebeshwa nyumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji, na paneli za sola juu ya paa. Magari-nyumba kama haya hupita barabara yetu mara kwa mara yakitoka Kusini mwa Afrika au yakielekea huko. Wenyewe walikuwa wametoka Hifadhi ya Ruaha, wakapita Iringa, wakashuka kulala Ruaha Mbuyuni ili asubuhi waende Morogoro. Walizima injini jioni wakapika chakula. Asubuhi haikuwaka.

Kabla yangu alikuwapo fundi mwingine. Alikuwa amebadilisha betri. Alikuwa ameishusha stata na kuitia brashi mpya. Alikuwa amefunga hita mpya zote 6. Siku ile nilipofika, alikuwa anajiandaa kufungua boliti za pampu ili ipandishwe basi kwenda Dar es Salaam kwa mafundi wa pampu. Wageni walikuwa wameshatoa zaidi ya shilingi 800,000, na yule mama alikuwa amekaa juu ya ndoo chini ya mbuyu, mkono shavuni.

Ndugu msomaji, hebu tulia hapa uvipime vile vitu vitatu. Betri hubadilishwa stata inapovivia, na hii ilikuwa inapiga kwa nguvu. Stata hufunguliwa isipozungusha, na hii ilikuwa inazungusha. Hita husaidia injini iliyopoa sana, kama asubuhi ya Mafinga au Njombe mwezi wa saba. Ruaha Mbuyuni iko bondeni, penye joto la kukausha kitunguu, na 1HZ nzima kwa joto lile haiwezi kunyamaza kabisa kwa ajili ya hita. Hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu kilichokuwa jibu la dalili iliyokuwepo. Vilibadilishwa kwa sababu vinabadilishika.

Nilimwamkia mzee, nikamwamkia mama, nikaanza na maswali. Gari lilizimika lenyewe au mlilizima? Tulilizima. Mafuta mliweka wapi? Iringa, siku mbili kabla, na kwenye tangi yapo. Jioni ile, baada ya kuzima, mlifanya nini ndani ya gari? Walitazamana. Mama akasema alivuta sanduku la vyombo kutoka chini ya kitanda, likagoma, akalivuta kwa nguvu.

Nikafungua boneti. Kwenye pampu ya 1HZ kuna solenoidi, kidude cha kimo cha kidole gumba chenye waya mmoja kichwani. Ukifungua ufunguo, umeme unaifikia, inavuta kijiti kilicho ndani, na mafuta yanapata njia. Ukirudisha ufunguo, umeme unakatika, njia inafungwa, injini inazimika. Ndivyo gari lile linavyozimwa kila siku ya Mungu. Nikaweka taa ya kupimia kwenye ule waya, nikamwambia mzee afungue ufunguo. Taa haikuwaka. Stata ilikuwa inazungusha injini iliyozimwa.

Gari lile ni la volti 12, nami nilihakikisha kwanza, maana yapo ya 24. Nikachomoa waya, nikapeleka umeme kwenye solenoidi moja kwa moja kutoka betri. *Tik.* Sauti ndogo hiyo naipenda kuliko mlio wa honi yoyote. Filta ilikuwa imefunguliwa na kuingia upepo, kwa hiyo nikabonyeza kipampu cha mkono mpaka kikawa kigumu, nikalegeza nati za mabomba mawili ya nozeli, mzee akapiga stata, mafuta yakachuruzika na mapovu, kisha yakaja safi. Nikakaza. Ikawaka. Kuanzia boneti kufunguliwa zilikuwa hazijaisha dakika 25.

Kulitafuta jeraha lenyewe ndiko kulikochukua muda. Waya wa solenoidi haukwenda moja kwa moja kwenye fyuzi. Ulipita chini ya sakafu, ukaingia kwenye nyumba, ukazunguka hadi chini ya kitanda, na hapo palikuwa na swichi ya siri ya kuzuia wezi. Aliyekuwa na gari kabla yao aliiweka, na walipolinunua hakuna aliyewaambia. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Mawimbi ya barabara ya hifadhini yalizilegeza, na lile sanduku likamaliza kazi. Hili ni tatizo la magari-nyumba hasa: umeme wa injini na umeme wa maisha ya humo ndani hukaa jirani, na kila mwenye gari mpya huongeza waya wake wa friji, wa taa, wa sola, bila kuandika popote. Ukiletewa gari la namna hiyo, anza na mahali mkono wa mtu ulipopita baada ya kiwanda.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Yule fundi mwenzangu si mwizi. Nilikaa naye, tukanywa chai, akaniambia maneno ambayo kila fundi wa nchi hii anayajua: "Kaka, ukimwambia mteja umetazama tu, anakupa elfu mbili ya soda. Ukimwonyesha betri mpya, analipa." Tumejijengea biashara ambayo kufikiri ni bure na chuma ndicho kinacholipiwa. Matokeo yake fundi anaishi kwa faida ya spea, na spea inayouzwa si lazima iwe spea iliyokufa.

Nami nilishawahi kufanya hivyo. Mwaka 2009 lililetwa kwangu Fuso limepakia tenga za nyanya kutoka Ilula, linapiga stata haliwaki. Nikasema pampu. Nikaishusha, nikaipeleka, siku nne zikapita. Pampu ilirudi, nikaifunga, gari likawaka, likazimika baada ya dakika kumi. Kosa lilikuwa mpira wa mafuta kati ya tangi na filta, wenye ufa mdogo unaovuta upepo bila kudondosha tone. Mpira wa shilingi elfu chache. Nyanya zilimwagwa kando ya barabara mbele ya macho yangu, na mwenye mzigo, mzee wa umri wa baba yangu, hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini sikuanza na mpira. Tangu siku ile natembea na kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Nakifunga kabla ya pampu, napiga stata, na mapovu yakipita nayaona mimi na mwenye gari pamoja.

Wapo wanaodai kuwa mashine za kompyuta zitamaliza tatizo hili. Hiace na Coaster nyingi za sasa zina dizeli ya reli ya pamoja (common rail), ambayo kompyuta yake hairuhusu nozeli kupuliza mpaka mgandamizo wa mafuta ufikie kiwango na kihisi cha mzunguko wa injini kipeleke habari. Mashine ya kupimia husaidia sana, ninayo na ninaitumia. Lakini mashine ikiandika kwamba mgandamizo uko chini, haijasema pampu imekufa. Filta iliyoziba huandika maneno yaleyale. Nimeona pampu ya mamilioni ikinunuliwa kwa ajili ya filta chafu. Na kwa injini hizo, tafadhali vijana, msilegeze bomba la nozeli kama nilivyofanya kwenye 1HZ: mafuta ya reli hupenya ngozi kama sindano, na mkono unaweza kukatwa. Wala msipulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita zilizowaka. Inaweza kulipukia njiani na kuvunja pistoni.

Ninachotaka ni hiki. Kupima kuwe kazi yenye bei yake, iliyoandikwa ukutani, inayolipwa hata kama jibu ni waya uliochomoka. Kwangu ni shilingi 20,000 ndani ya gereji, na nauli juu yake nikifuata gari. Mteja naye awe na haki ya kuonyeshwa: taa ikiwaka au isipowaka, mapovu yakipita, moshi ukitoka. Akiambiwa "pampu", aulize imejulikanaje. VETA wanapopima mafundi waliojifunzia mitaani ili wapewe vyeti, ningependa fundi akabidhiwe injini iliyofichwa kosa moja, na ahesabiwe alama kwa vitu ambavyo hakuvifungua.

Wateja wengi hubisha mwanzoni. Wageni wale hawakubisha. Mzee aliomba kuelezwa kila hatua, akaandika kwenye daftari lake. Ile swichi ya siri niliitoa, nikaunga waya kwa risasi, nikaufunika kwa mpira wa joto, na mama akachora kwenye daftari hilohilo mahali waya unapopita chini ya kitanda, akaniuliza kama mchoro uko sawa. Nikamsahihisha kona moja. Yule fundi mwenzangu alikuwa ameinama pembeni yetu, ameshika taa yangu ya kupimia, anaigusa fyuzi moja baada ya nyingine.