Banda Ndilo Lililoichagua FIFA

Ingia banda lolote la gemu Kondele, Nyalenda au Manyatta saa kumi na moja jioni, wanafunzi wakishatoka shuleni, uulize gemu nzuri ni ipi. Jibu ni moja: FIFA. Kampuni inayoitengeneza iliachana na jina hilo mwaka 2023 ikaiita EA Sports FC, lakini Kisumu hatukushughulika. FIFA ilibaki FIFA. Ukitaja nyingine utaambiwa ni ya watoto, au haina picha kali, au haijulikani. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana hutolewa kama hukumu. Haijulikani, kwa hiyo haifai. Ingefaa ingejulikana.

Si kweli, na ukikaa bandani jioni moja huku ukitazama pesa badala ya mpira utaona kwa nini.

Mechi ya FIFA huisha kwa dakika chache. Wawili wanakaa, mmoja anafungwa, aliyefungwa analipa na kuinuka, mwingine anapokea padi. Nyuma yao benchi limejaa wanaongoja zamu, na hao wanaongoja ni uwanja mzima: wanashangilia, wanazomea, wananunua soda na mandazi. Mwenye banda ana kodi ya chumba, ana stima ya tokeni, ana televisheni aliyoinunua kwa mkopo wa chama. Kila dakika ina bei yake. Sasa mletee gemu ya hadithi, ya mtu mmoja, ya saa nane au kumi. Nilijaribu mwaka jana. Nilimwomba mwenye banda mmoja aniwekee gemu ya namna hiyo, nikamwahidi kulipa vizuri. Alinitazama kwa huruma. “Omera, hiyo haina filimbi ya mwisho. Nitalipisha nini?”

Sijapata kusikia maelezo bora ya soko la gemu Kisumu. Vijana wetu wanaamini waliichagua FIFA kwa macho yao wenyewe, kumbe mita ya stima ilishawachagulia kabla hawajafika mlangoni. FIFA ni gemu nzuri, nimeipenda miaka mingi na nitaicheza tena Jumamosi. Ila imetawala kwa sababu inakatika vipande vya kuuzika. Gemu isiyokatika hivyo haiingii bandani, isiyoingia bandani haijulikani, kisha tunageuka na kuidharau kwa kutojulikana.

Hata vya kwetu tumevipita hivyo hivyo. Nokia 3310, simu iliyotoka mwaka 2000, kila mtu anaikumbuka kwa nyoka wake. Nani anaikumbuka Bantumi? Ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo: visima sita upande wako, sita upande wa mwenzako, ghala moja kila mwisho, unachota mbegu na kuzipanda moja moja. Ni ukoo wa mchezo wetu wa ajua! Sheria zake zilifuata kalah, toleo lililouzwa Marekani katika karne ya 20, wala hazikuwa zile za wazee wetu wanaocheza chini ya mti, wala za bao la pwani lenye safu nne. Lakini damu ni moja. Mchezo wa babu zetu ulikaa mifukoni mwetu miaka na miaka, nasi tukawa tunamlisha nyoka. Hakuna aliyetuambia kwamba unajulikana.

Basi nitataja gemu tatu ambazo ningependa mtu wa ziwani azicheze.

Ya kwanza ni Dredge, ya Black Salt Games, studio ndogo ya New Zealand, iliyotoka Machi 2023. Wewe ni mvuvi uliyefika kisiwa cha watu ukapewa mashua, na mashua ile ni deni. Kila samaki ana umbo lake na lazima umpange mashuani ili wenzake wapate nafasi. Akikaa sana anaharibika na bei inashuka. Mtu wa Dunga au Usenge hahitaji kufundishwa lolote kati ya hayo. Usiku ukiingia hofu ya nahodha hupanda mpaka anaona miamba isiyokuwepo. Hapo ndipo ninapogombana nayo. Kwa watengenezaji wake usiku ni wakati wa kukimbilia gatini, na kwa wavuvi wetu wa omena usiku ndio ofisi. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, simama ufukweni Mbita uone taa zilivyotandazwa juu ya maji kana kwamba mtaa mzima umehamia ziwani. Hofu ipo, ya dhoruba, ya viboko, ya wezi wa injini, lakini wanaiendea kwa sababu riziki iko huko huko. Gemu ya usiku huo bado haijatengenezwa, na aliyeicheza Dredge ataona jinsi inavyoweza kutengenezwa.

Ya pili ni Papers, Please, kazi ya mtu karibu peke yake, Mmarekani Lucas Pope, mwaka 2013. Unakaa kibandani mpakani ukikagua pasi za wasafiri. Unalipwa kwa idadi ya watu unaowahudumia bila kosa, na jioni unagawa pesa: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa ya mtoto. Sheria zinabadilika kila kukicha. Anakuja mume mwenye karatasi zote, nyuma yake mke aliyepungukiwa kibali kimoja, na ni wewe utakayegonga muhuri. Picha zake ni za nukunuku, wenye kupenda picha kali watacheka. Waache wacheke. Yeyote aliyewahi kupanga foleni mpakani Busia ameona ule upande mmoja wa dirisha. Gemu hii inakukalisha upande wa pili, na hutarudi ulivyokuwa. Inaenda kwenye laptopu ya mtumba, na tangu 2022 iko hata kwenye simu, kwa hiyo sababu ya mashine ghali haipo.

Ya tatu ndiyo ninayoililia. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kumpoteza baba yake. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, kujadiliana naye amrudishie baba. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili! Niliicheza miezi michache baada ya kumzika baba yangu huko Seme. Matanga yalikuwa yameisha, hema zimerudishwa, jamaa wametawanyika, nami nilikuwa mtu mzima nisiyejua pa kuuweka uzito ule. Nikamsikia kijana kwenye skrini akibishana na mauti kwa lugha niliyoifanyia mtihani shuleni. Kuna mahali ilinibidi niweke padi chini.

Tangu hapo nimeitaja katika mabanda manne. Sikumpata aliyekuwa ameisikia.

Inahitaji mashine ya kisasa, hilo nakubali, na mabanda mengi bado yana za zamani. Lakini machache tayari yana PS5, na Jumatatu asubuhi mashine hizo zimelala, benchi ni tupu, mwenye banda anasinzia mlangoni akisubiri saa kumi na moja. Mashine moja tu, asubuhi hizo, kwa saa badala ya kwa mechi. Saa moja kwa bei ya mechi tatu. Nimeshampigia hesabu yule aliyeniuliza kuhusu filimbi, akaniambia nije na wenzangu wawili ndipo aamini. Nimepata mmoja.