Tumekombolewa, Mbona Tunawashika Wenzetu Rehani?



Kila Ijumaa Kuu tunapanga foleni ndefu kwenda kuubusu Msalaba. Tunapiga magoti, wengine machozi yakiwalengalenga, tukimshukuru Bwana aliyetukomboa kwa damu yake. Siku chache baadaye, pensheni inapoingia benki, foleni nyingine inapangwa mbele ya mashine ya kutolea fedha. Hapo utamwona mzee mstaafu amesimama kando, mikono mitupu. Kadi ni yake na jina lililoandikwa juu yake ni lake, lakini anayeiingiza mashineni ni mtu mwingine, ambaye anaijua hata namba ya siri. Mtu huyo anatoa fedha, anakata chake, anamwachia mzee kiasi kidogo cha kujikimu, kisha anairudisha kadi mfukoni mwake hadi mwezi ujao. Kwa uchungu inatubidi tukiri kwamba mara nyingine mshika kadi huyo ni mwamini mwenzetu, tena aliyekuwa mbele kabisa katika foleni ile ya kwanza.

Watu wameipa mikopo hiyo jina lake: kausha damu. Hebu tulitafakari jina hilo. Kristo alimwaga damu yake ili sisi tuwe huru, nasi tunaikausha ya wenzetu ili tutajirike. Tutawezaje kuinywa damu ile katika kikombe cha Misa, huku tunaikausha hii sokoni?

Neno kukomboa halikuzaliwa kanisani. Wazee wetu walilitumia kwa mtu aliyeweka mali yake rehani, kisha akalipa deni na kuirudisha nyumbani. Mtume Paulo naye hakuona haya kutumia lugha ya madeni: anawafundisha Wakolosai kwamba hati iliyotushtaki ilifutwa, ikapigiliwa msalabani (Kol 2:14). Basi, mtu ambaye hati yake mwenyewe imepigiliwa msalabani anapata wapi ujasiri wa kuifungia kabatini hati ya jirani yake, pamoja na kadi yake na karatasi za kiwanja chake?

Majibu tunayajua, maana tumeyasikia. La kwanza: "Baba Paroko, sikumlazimisha mtu. Alikuja mwenyewe, akasaini mwenyewe." Ni kweli, alisaini. Lakini mama ambaye mtoto wake yuko wodini na dawa hazijanunuliwa ana hiari gani? Tufanye hesabu pamoja. Amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi anajikamua anapeleka 30,000 za riba. Baada ya miezi 10 amelipa 300,000, na bado anadaiwa 100,000 zile zile, kana kwamba hajalipa hata senti. Hiyo tuiiteje? Msaada?

Jibu la pili: "Kanisa lishughulike na roho, biashara lituachie sisi." Mwenye kusema hivyo hajaifungua Biblia yake. Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayelichukua anachukua uhai wa mwenye nalo (Kum 24:6). Jiwe la kusagia la mstaafu wa leo ni kadi yake ya benki. La fundi ni cherehani yake. La kijana ni pikipiki yake. Torati inaagiza pia kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijazama, kwa sababu hana kingine cha kujifunika (Kut 22:26-27). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika fungu la 2269, haijapunguza ukali: inawahesabu wenye riba ya uroho inayosababisha njaa na vifo vya ndugu zao kuwa ni wauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na inawataja chini ya Amri ya Tano.

Tusieleweke vibaya. Kanisa halilaani kila mkopo wala kila faida. Wafransisko walifungua mfuko wa kuwakopesha maskini mjini Perugia, Italia, mwaka 1462, ili kuwaokoa na makucha ya wala riba. Hata leo SACCOS na VICOBA vinavyoendeshwa kwa uaminifu vinainua familia nyingi. Na nchini mwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Tunachokipinga ni kuigeuza shida ya jirani kuwa shamba letu la kuvuna bila kupanda.

Lakini wapendwa, upanga huu unatukata na sisi wachungaji. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterani uliwanyima wala riba wa wazi Komunyo na maziko ya Kikristo, na ukakataza sadaka zao zisipokelewe. Je, sisi huzipokea? Tunapochangisha fedha za ujenzi, hatuulizi bahasha nene imetoka wapi. Tunamwita mwenye nayo mbele, tunampigia makofi. Na mzee aliyenyang'anywa pensheni yake yumo humo humo kanisani, benchi la nyuma, akipiga makofi pamoja nasi. Tena, michango yetu isiyokwisha, na sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara tulizoziacha zigeuke mashindano, zimewasukuma wanyonge wangapi kwenda kukopa? Nehemia alipowakemea matajiri wa Yerusalemu hakujificha. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, na ndipo akawataka wote waache (Neh 5:10). Nasi tuanze hapo hapo.

Tufanye nini, basi? Mwenye kushika kadi ya mtu airudishe kabla ya Dominika ijayo, wala asisubiri Kwaresima. Aliyekwisha kula kupita haki yake arudishe, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Kuungama wizi huku umekishikilia kilichoibwa ni kumfanyia Mungu mzaha. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zisiishie kusali rozari na kukusanya michango. Kila moja iwe na mfuko wa dharura, ili mama mwenye mgonjwa apate pa kukimbilia kwa ndugu zake kabla hajafika kwa mkausha damu. Nasi tulioko altareni tuache kupigia makofi bahasha tunazozijua zimetoka wapi.

Kila siku tunasali Baba Yetu, tukiomba tusamehewe kama tunavyosamehe. Katika Kigiriki cha Mathayo, neno linalotumika pale ni madeni. Anayeisali sala hiyo huku kadi ya mzee iko mfukoni mwake ajue anachokiomba: anamwomba Mungu amtendee vile vile anavyomtendea yule mzee.